Kushoto Tupu

Jumanne, 4 Juni

Tela imefika uani. Chumba kamili chenye magurudumu: kitanda, kabati, jiko la sahani mbili, dirisha lenye pazia. Nimeipata kwa wakandarasi wa barabara waliomaliza kazi yao na kuhama. Mke wangu ameizunguka mara mbili, akauliza itatokaje. Nikamjibu itatoka ilivyoingia. Akanikumbusha kwamba iliingia kwa kusukumwa na wanaume wanane.

Hilo dogo. Jambo lenyewe ni hili. Binti yetu, mkunga, amepata kazi kwenye zahanati mpya upande wa pili wa jiji. Kule hakuna nyumba za kupanga, na mkunga hatakiwi kulala mbali na kazi. Mganga mkuu amempa hadi Jumatatu saa mbili asubuhi awe anaishi pale pale, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Miaka miwili mtoto ametafuta kazi hii. Nimemwahidi chumba chake kitakuwa mlangoni pa zahanati Jumapili kabla ya saa sita mchana. Nimempa neno langu kama baba.

Kati yetu na zahanati kuna jiji zima na foleni yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, dereva wa lori kwa miaka thelathini, amejitolea kuivuta. Anasema Jumapili asubuhi anapita katikati ya jiji, dakika hamsini, kafika. Nimemshukuru, nikakataa. Mimi nimepanga ratiba ya shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita. Walimu arobaini, madarasa kumi na manane, maabara moja! Mtu kama huyo hashindwi na foleni. Foleni ni vipindi vilivyopangwa vibaya, basi.

Jumatano, 5 Juni

Nimebandika ramani ya jiji ukutani sebuleni. Mke wangu ameuliza picha ya harusi iko wapi. Iko nyuma ya kochi, salama kabisa.

Nimeligawa jiji kwa vipindi. Saa moja hadi saa mbili, watu wa sokoni: nyekundu. Saa mbili hadi saa tatu, wanaokwenda kuwaona wagonjwa: buluu. Saa tatu kuendelea, wasio na shughuli maalumu, nao ndio wengi: kijani. Kufikia alasiri kila barabara ina rangi zote tatu na majina hayasomeki. Mbaya zaidi, sikumbuki tena kama nyekundu ilikuwa foleni au ilikuwa njia nzuri. Nimeandika pembeni alama ya kunikumbusha, nayo nimeiandika kwa nyekundu.

Shemeji amepita jioni. Akaitazama ramani kwa muda, akauliza kama ni kitambaa cha meza. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuendesha gari lenye tela. Nikamwambia naendesha pikapu yangu tangu yeye hajapata leseni. Akasema hakuuliza habari za pikapu. Akanywa chai vikombe viwili, akaaga. Mtu wa vijembe yule, hata akinyamaza unasikia anavyokupiga.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Sitaki kuyaandika lakini shajara ni shajara.

Nilitoka vizuri. Nilifika njia panda ya duka la milango, lile lenye mlango mwekundu umesimamishwa nje kama sampuli. Nikawasha indiketa, nikakata kulia. Pikapu ilikata kulia. Tela ilikuwa na mawazo yake. Ikapanda ukingo wa barabara, ikapinda nguzo ya bango, ikasimama imeziba njia pande zote mbili.

Nikaamua kurudi kinyumenyume. Nikizungusha usukani kulia, tela inakwenda kushoto. Nikizungusha kushoto, inakwenda kulia. Hilo nikalishika. Basi nilipotaka iende kulia nikazungusha kushoto, na safari hiyo ikaenda kushoto, mpaka leo sijui kwa nini. Askari wa barabarani, mama mmoja mpole, akaja dirishani akauliza mpango wangu ni upi. Nikamweleza kwamba nafanya mazoezi. Akaniomba, kwa heshima zote, niyafanyie mahali pengine. Honi zilikuwa nyingi hata sikusikia vizuri nikamwomba arudie, akarudia bila ile heshima. Mwenye duka la milango na wateja wake ndio waliotunasua.

Nimekaa sebuleni nikatafakari. Shuleni, fizikia na kemia zikigongana maabara, huzipatanishi, unaondoa moja. Leo adui wamejulikana, nao ni wawili: kukata kulia na kurudi nyuma. Nikiwaondoa wote wawili kinachobaki ni kwenda mbele na kukata kushoto. Ajabu hakuna aliyewahi kuliona jambo hili.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeipata! Kuna barabara ya pembezoni inayolizunguka jiji lote. Natoka getini kushoto, mwisho wa mtaa kushoto, kwenye mzunguko mkubwa kushoto, kisha nafuata barabara ya pembezoni, na kila inapogawanyika nashika kushoto. Foleni ya katikati ya jiji naiacha na wenyewe.

Nikampigia binti yangu, ambaye siku hizi amejibanza kwa rafiki yake mjini na huenda zahanati kwa basi. Nikamuuliza zahanati iko mkono gani. Akasema kushoto, baba, kushoto kabisa, utaona bango la kijani. Kushoto! Machozi yalinilengalenga. Nikamwambia asubiri chini ya bango hilo Jumapili asubuhi na sanduku lake.

Mke wangu akauliza basi la binti yetu hutokea upande gani. Nikamwambia kushoto ni kushoto tu. Akaenda jikoni kumpigia simu kaka yake. Kicheko cha shemeji nimekisikia mimi mwenyewe nikiwa sebuleni, na simu ilikuwa sikioni kwa mke wangu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeiandika ratiba kwa mwandiko safi, nakala tatu. Kichwa chake: Kushoto Tupu. Moja ya gari, moja ya mlango wa jokofu, moja nimempa shemeji ili ajifunze.

Mke wangu ameshauri niipitie njia kwanza na pikapu peke yake. Nikamweleza kwamba ratiba haijaribiwi, ratiba inatangazwa. Walimu arobaini walilijua hilo, na wengine walihama shule kwa sababu hiyo.

Shemeji aliisoma ratiba akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akaniuliza tu kama nitajaza tangi. Nikamwambia nusu inatosha. Akasema nijaze. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, sikupata kijembe kutoka kwake. Nimeichukulia kuwa ni heshima, nami nimelala mchana nikiwa na furaha.

Jumapili, 9 Juni

Saa moja na nusu asubuhi, getini. Mke wangu ameshikilia tela kama anayeaga mtu. Nikamwambia nitampigia nikifika. Akasema hana haraka, atakuwepo. Sikuelewa alimaanisha nini.

Saa tatu kasoro robo, kituo cha mafuta. Kushoto mara tano na hakuna hata honi moja! Foleni sijaiona. Tela inafuata kwa adabu. Laiti shemeji angekuwepo.

Saa nne na dakika kumi, pembeni mwa barabara. Kuna tatizo. Bango la kijani nimeliona, kubwa, limeandikwa vizuri. Liko kulia. Nilidhani naliona vibaya. Binti yangu alikuwa amesimama chini yake, ameegemea sanduku, na aliponiona akaruka na kunipungia mikono yote miwili. Nami nikampungia. Magari yananisukuma nyuma, mengine yanakuja mbele, na ratiba haina kulia. Nikapita. Nilimwona kwenye kioo akiwa bado ameinua mikono, moyo ukaniuma sana.

Nimesimama hapa kutuliza kichwa. Bango liliwezaje kuhama? Binti yangu hawezi kunidanganya. Anapiga simu, ya nne sasa. Sitapokea, nitamwambia nini? Ngoja nifikiri kwa utaratibu. Kulia siwezi. Kinyumenyume siwezi. Lakini nikiendelea kushika kushoto, lazima mahali fulani zahanati itakuwa kushoto. Ni hesabu.

Saa tano na nusu, kando ya kiwanda cha matofali. Bado kushoto. Nimeanza kusahau nilikata mara ngapi. Nilikuwa nahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto nisijichanganye, lakini ndio mkono wa gia. Jua liko upande wa kioo cha mbele. Asubuhi lilikuwa kisogoni. Nani anasogea?

Saa saba kasoro. Upande huu wa jiji una mtaa mzuri. Unafanana na wetu kiasi cha kushangaza. Wao pia wana duka la milango na mlango mwekundu nje. Hata nguzo ya bango wanayo iliyopinda, nikamhurumia dereva aliyeigonga. Kuna mwanamke anaanika nguo uani, mnene kidogo, kilemba cha njano. Ameweka mkono kiunoni. Kwenye kamba kuna shati linalofanana na langu la mistari.

Saa saba na dakika tano. Ni langu.

Jioni. Naandika yote kwa kuwa nilijiapiza.

Shemeji alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki tangu saa tano, ratiba yangu iko mezani mbele yake. Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka, na hilo ndilo lililonivunja nguvu. Alisema tu shemeji, mtoto anasubiri, akanyoosha mkono nikampa funguo. Mke wangu alinisogeza katikati, akakaa dirishani. Tukakata kulia kwenye njia panda ya duka la milango na tela ikakata kulia nasi, bila maneno. Tukapita katikati ya jiji. Kulia nilihesabu mara tisa. Foleni ilikuwepo, tukakaa ndani yake kama watu wengine, kisha ikaisha. Dakika hamsini na nne. Nilitaka kumwambia kwamba si hamsini, nikaufyata.

Binti yangu alikuwa amekaa juu ya sanduku chini ya bango. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Alisema mwanzo alidhani nimeenda kutafuta pa kugeuzia. Ilipofika saa sita alidhani nimepata ajali, akawa anapiga simu hospitali moja baada ya nyingine akiuliza mzee mwenye tela. Akasema kila walipomjibu hayupo alishukuru na kuogopa kwa pamoja. Kisha akalia begani kwangu, mtu mzima, mkunga wa watu. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake na mbele ya shemeji, na nilimaanisha.

Shemeji aliirudisha tela kinyumenyume hadi ukutani pa zahanati kwa mkono mmoja, akiongea na mke wangu habari nyingine. Mganga mkuu akaja, akaingia, akabonyeza godoro, akawasha jiko, akatikisa kichwa kukubali na kutia sahihi kwenye karatasi yake. Kazi ni ya binti yangu. Njiani kurudi nilimwambia shemeji kwamba kuanzia leo mambo ya tela ni yake, mimi simo. Akanipiga begani. Mke wangu aliusikia usemi huo, akatabasamu hadi nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni

Binti yangu amepiga simu mchana, sauti imejaa furaha. Alilala vizuri, saa mbili kamili alikuwa kazini, na saa nne amemzalisha mama mmoja mtoto wa kike. Ameomba kitu kimoja tu. Pale ukutani tela inaziba mlango wa dawa, mganga mkuu anataka isogezwe nyuma ya jengo, penye kivuli. Ni hatua thelathini. Nimwambie mjomba apitie siku yoyote akipata nafasi, hakuna haraka.

Nimesema nitamwambia. Bado sijamwambia. Kwa nini nimsumbue shemeji kwa hatua thelathini?

Maana nimekaa nikafikiri, na nimegundua kosa la jana. Halikuwa ratiba. Ratiba ilinipitisha kwa muda wa saa tano na nusu bila foleni hata ya gari moja, na shemeji mwenyewe hawezi kusema hivyo. Kosa lilikuwa upande. Nimegeuza ramani, nikaitazama kwa nyuma dhidi ya mwanga wa dirisha, kila kitu kikakaa mahali pake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, mke wangu akitoka kwenda sokoni, naondoka na pikapu. Naifunga tela nyuma ya pikapu pale ukutani. Kuifikisha nyuma ya jengo kunataka kurudi kinyumenyume, na kinyumenyume sitaki tena kusikia. Nitaizungusha kwa mbele. Natoka zahanati, nashika barabara ya pembezoni, nalizunguka jiji lote kwa kukata kulia tupu, naingilia upande wa nyuma. Nakala tatu ziko tayari. Binti yangu anatoka kazini saa kumi, atakuta chumba chake kimeshahamia kivulini.