Mdudu wa Jino la Kabatesi

Evode, mganga wa meno wa mtaani, alipomwona mama mwenye shavu lililovimba akitoka kwa daktari wa meno, karibu na soko la Gisenyi, moyo wake ulicheka. Shavu lake mwenyewe halikucheka. Gego lake lilikuwa likipwita tangu Jumapili, na daktari huyohuyo alikwisha kumweleza: mshipa wa ndani umekufa, usaha umejaa kwenye mzizi, jino litobolewe, mizizi isafishwe na kuzibwa, kisha livikwe kofia. Evode alielewa vizuri kabisa. Alikosa pesa tu.

"Mama, wamesema watatoboa?" aliuliza kwa huruma ya padri.

"Bon, wanataka kutoboa. Na bei yao, weee!"

"Usikubali. Ndani iko mdudu tu. Mi nitamutoa na moshi."

Mama huyo, Kabatesi, muuza vitenge, alisema hana pesa mkononi, ila ana simu mpya kutoka Goma, ingali kwenye katoni. Akaifungua. Simu ikang'aa, Evode akasahau hata gego.

Nyuma ya kibanda cha chapati akachoma mbegu kwenye kopo, akamwambia apanue mdomo. Kidoleni alikuwa amekwisha kuficha uzi wa nyama ya kuku.

"Huyu hapa!"

"Yesu wangu! Na iko munene!"

Kabatesi akashukuru hadi machozi, akafungasha katoni ndani ya kitenge chake, akamkabidhi.

Kesho yake Evode aliingia kwa daktari kwa mwendo wa mheshimiwa. "Anza, daktari. Hii itatosha." Daktari akafungua katoni. Ndani mlikuwa na mche wa sabuni ya kufulia.

Kwenye benchi la wagonjwa mtu akakohoa. Kabatesi! Shavu lake lilikuwa bapa kama sahani.

"Jana niliweka kipande cha muhogo shavuni," alisema. "Jino langu walishasafisha mizizi, leo nakuja kuvalishwa kofia. Halina mshipa. Ule mdudu wako alikuwa anakula nini, simiti?"

Wagonjwa wakaangua kicheko. Kabatesi hakucheka.

"Mukasine ni dada yangu. Naye ulimutoa mdudu. Usaha ukashuka mpaka shingoni, akashindwa kumeza hata mate. Hospitali ndiyo ilimuokoa."

Evode akapapasa shingo yake, kisha taya lake lililoanza kukaza.

"Beba sabuni yako," Kabatesi akasema. "Unawe mikono mbele ya kuitia tena mu midomo ya watu."

Evode akaibeba. Akatoka nje, akauza saa yake ya mkononi, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho, akarudi kupanga foleni nyuma ya Kabatesi.