Kamati ya Kuhakiki Majarida ya Mapenzi

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, kuanzia Igoma hadi Kisesa, kwamba ni marufuku kwa mwananchi yeyote kumiliki bila kibali jarida la mapenzi au ndoa lililochapwa kabla ya mwaka 2000. Ugomvi wa ndoa ulikuwa umezidi, na Kamati ya Kuhuisha Maadili ya Kaya, baada ya vikao kumi na vinne na soda zake, ilikuwa imempata mchawi: makaratasi.

Utekelezaji ulikabidhiwa kwa karani wa kamati, Josephat, mtu aliyeamini muhuri kama wengine wanavyoamini dawa. Hakuwa na mke. Kamati iliona hiyo ndiyo sifa kubwa: hana mgongano wa maslahi.

Alianzia Kisesa kwa Mama Paskazia, fundi cherehani mstaafu, mwenye majarida mia tatu na kumi na mawili kwenye masanduku ya bati.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhakiki mapenzi."

"Marahaba, mwanangu. Yapi? Yangu yamelala makaburini tangu mwaka juzi."

Marehemu mumewe, Ngosha, aliendesha lori la pamba. Kila safari alimletea jarida moja, na pembeni mwa ushauri wa ndoa alijibu kwa kalamu: "Hili nimekubali." "Hili tutazungumza." Penye makala ya waume wasiosaidia kupika aliandika: "Nimeonewa."

Josephat alisoma hadi akasahau kuketi. Kisha akakumbuka kazi, akajaza fomu: Vielelezo hatarishi, 312. Vya kuchomwa.

"Ukivichoma utakuwa umemzika mara ya pili," alisema Paskazia. Hakulia. Alimsaidia hata kufunga kamba, maana kijana wa watu hakujua.

Moyo ulimuuma Josephat, lakini fomu haikuwa na sehemu ya moyo.

Kwa mujibu wa kanuni ya tisa, iliyotungwa na Mwenyekiti Shigela mwenyewe, vielelezo vilipaswa kusomwa hadharani kabla ya kuchomwa, ili umma ujionee uchafu. Alhamisi uwanja wa Igoma ukafurika. Mgeni rasmi alikuwa mke wa Mwenyekiti, Mama Wilhelmina, mwenye miaka thelathini na tano ya ndoa ya mfano.

Josephat akachomoa jarida la Juni 1996, ukurasa wa kutafuta wachumba, akasoma kikazi:

"'Mimi ni kijana mtanashati wa Igoma, sijawahi kuoa. Natafuta binti mcha Mungu, asiyependa maswali. Ni mimi, Shigela...'"

"Ruka hiyo!" alifoka Mwenyekiti.

"Kanuni hairuhusu kuruka, mheshimiwa. Na picha ipo."

Mama Wilhelmina alivaa miwani, akaitazama picha kwa utulivu.

"Shati hili nilikununulia mimi," alisema, "ile Krismasi tuliyombatiza mtoto wa tatu."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka.

"Bwana karani, andika: kielelezo kimethibitishwa. Hiki kimoja nabaki nacho. Vingine virudi kwa mwenyewe leo hii."

Agizo la mgeni rasmi halijadiliwi. Josephat akaligonga muhuri mara tatu, ingawa moja ingetosha.

Kesho yake asubuhi wajumbe sita wa kamati walikuwa wamejipanga barazani kwa Paskazia, kila mmoja akiulizia, kwa sauti ya chini, toleo la mwaka wake. Paskazia aliwaambia wavue viatu.

Mwenyekiti hakuonekana. Alikuwa mjini Magu, anatafuta chumba cha kupanga.