Magita Thelathini ya Bwana Muhuri

Tangazo lilikuwa bado linanuka gundi Muhuri alipolisoma. Alikuwa amekuja ofisi ya mji kwa shughuli nyingine kabisa, kumpelekea karani wa dirisha la tatu barua ya daktari ya kuombea likizo, yenye saini nzuri kuliko ya daktari mwenyewe. Lakini macho yake yalikuwa na tabia ya kuzurura, na asubuhi hiyo yalitua kwenye ubao wa matangazo. Shule za msingi zitaanza somo la muziki. Yanatakiwa magita madogo mia mbili kwa watoto wanaoanza kujifunza. Sharti ni moja: yawe yametengenezwa hapa hapa nchini.

Kwa nini sharti hilo, wanajua waliolala wakaamka nalo. Mwaka uliopita wakubwa walitangaza kuwa ni mwaka wa miti, wakapanda miche wakipigwa picha, miche ikafa kabla picha hazijatundikwa. Mwaka huu ulikuwa mwaka wa kutumia vya nyumbani. Stika zake zilikuwa zimebandikwa kila mlango, "Cha Kwetu Kwanza", na zilifika ofisini ndani ya maboksi yenye maandishi ya kigeni ambayo hata mhudumu aliyeyafungua hakujua yaanzie kusomwa upande gani.

Muhuri alisoma tangazo mara mbili, akaling'oa, akalikunja mfukoni. Hakutaka wengine wasumbuke kulisoma.

Jina hilo la Muhuri alipewa na mtaa kwa sababu ya kile alichokuwa akitembea nacho mfukoni mwa shati: kipande cha mpira wa ndala alichokichonga mwenyewe kwa wembe, duara, chenye nyota katikati na maneno yaliyozunguka ambayo hayakuwa na maana yoyote. Kwa muhuri huo alishawahi kumwozesha mtu, kumzika mwingine ambaye bado anadunda, na kumfanya mbuzi mmoja awe na cheti cha chanjo. Alikuwa amejifunza jambo moja kuhusu watawala wetu: hawasomi karatasi, wanaangalia kama ina duara.

Siku hiyo hiyo akaenda bohari moja nyuma ya soko. Huko kulikuwa na magita madogo thelathini ukutani, mazuri, ya nyuzi za nailoni, kila moja likiwa na lebo ya dhahabu ya ng'ambo.

"Yametoka nje moja kwa moja," alisema mwenye bohari.

"Naona," alisema Muhuri. "Hata harufu yake si ya hapa."

Kilichobaki kilikuwa mtaji. Muhuri aliishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa amesafiri kumwangalia binti yake aliyejifungua. Cherehani ilikuwa imekaa dirishani imefunikwa kitambaa. Dada angerudi Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kwa hesabu za Muhuri, kufikia Ijumaa cherehani ingekuwa imeuzwa, imezaa, imenunuliwa tena na kufunikwa kitambaa kile kile, na dada asingejua kwamba ilitoka kutembea. Cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha Muhuri tangu mama yao afariki. Hilo alilifikiria kwa muda mrefu, kama muda wa kutafuta mkokoteni.

Jioni ile, cherehani ikiwa imeshauzwa na magita yamefika nyumbani, kwa mvuke wa birika la dada akabandua lebo za dhahabu moja baada ya nyingine, akabandika stika za "Cha Kwetu Kwanza" alizozipata kwa mhudumu wa ofisi. Kesho yake asubuhi akajitokeza kwa Mkurugenzi na gita moja kwapani.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa kiti cha kuzunguka. Mgeni akiingia, kiti kilikuwa kimempa kisogo. Kiligeuka taratibu, kama mlango wa hazina.

"Mheshimiwa," alisema Muhuri, "mimi ndiye kiwanda."

"Kiwanda gani?"

"Cha magita. Mbao za hapa, nyuzi za hapa, gundi ya hapa. Hata vumbi lililo ndani ni la hapa."

Mkurugenzi alilishika gita kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshike. Akapitisha dole gumba kwenye nyuzi. "Linalia."

"Linalia kizalendo, mheshimiwa."

"Kulia si muhimu. Stika ipo?"

"Hiyo hapo."

"Basi zuri." Akalirudisha mezani. "Mwanangu mimi nilimletea la ng'ambo, lakini yule ana kipaji. Hawa wa shule haya yatawatosha. Na ofisi yangu utaikumbuka?"

"Kwa moyo wote, mheshimiwa."

"Moyo uache nyumbani. Kumbuka kwa bahasha." Kiti kikazunguka nusu, kikasimama. "Alhamisi saa nne nakuja kukagua kiwanda chako. Nakuja na mpiga picha, na mwalimu mmoja wa muziki ambaye wizara imenibebesha. Mtu wa maswali mengi huyo. Ukaguzi ukipita, unatia saini hapo hapo na unachukua malipo ya awali."

Muhuri alitoka na gita lake kwapani na oda ya magita mia mbili mkononi, karibu, isipokuwa alikosa kitu kimoja kidogo. Kiwanda.

Mtaa wa maseremala ulikuwa mwendo wa robo saa. Mwisho wake kulikuwa na karakana ya mama mmoja mjane, waliyemwita Mama Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata. Mbele aliuza vigoda na vitanda vya watoto. Muhuri alimkuta amekaa juu ya gogo anapiga msasa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi yako nani, mimi? Sina kaka mwenye mtoto mwenye viatu vya kung'aa namna hiyo."

Muhuri akacheka, akachuchumaa, akayamwaga yote kwa sauti ya chini. Anataka karakana siku moja tu, Alhamisi. Atatundika magita yake ukutani, atavaa aproni, wakubwa watapiga picha, wataondoka. Mama atakaa pale pembeni na ufagio, asiseme neno, apate chochote.

"Na magita yenyewe umeyatoa wapi?"

"Ng'ambo, shangazi. Ila hapo ndipo pa kufumba mdomo."

"Ng'ambo," alirudia Mama Gundi, taratibu. "Yalete kesho niyaone."

Jumatano mkokoteni ulipofika, Mama Gundi alichukua gita la kwanza, akaligeuza, akapitisha kiganja mgongoni mwake. Akalisogeza jicho kwenye tundu. Halafu akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika benchi, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatazama gita la pili na la tatu, akacheka upya.

"Kuna nini?" aliuliza Muhuri.

"Hamna kitu, baba. Nimefurahi tu kuona wageni." Akapenga kamasi. "Nitakusaidia. Pesa zako sizitaki. Ila mimi ni mtu mwoga, nikiulizwa na serikali natetemeka. Wakiniuliza haya ya nani, yametengenezewa wapi, nitasema nini? Niandikie karatasi niwaonyeshe, nisifungue mdomo nikakuharibia."

Hapo ndipo alipomshika Muhuri palipokuwa laini. Angemwomba pesa, angepewa maneno. Lakini kumwomba Muhuri karatasi ni sawa na kumwomba jogoo awike. Alitoa kalamu hapo hapo. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa mikia mirefu: *Magita haya thelathini yote yametengenezwa katika karakana hii kwa mikono ya mwenye karakana hii, na ni mali halali ya karakana hii.* Akaupulizia wino pumzi, akagonga duara lake mara mbili, ya pili kwa raha tu.

"Inapendeza," alisema Mama Gundi, akaikunja na kuitia kifuani.

Alhamisi saa nne wakubwa walifika saa sita. Muhuri alikuwa ndani ya aproni, na unga wa mbao alijipaka mwenyewe nyusini. Mkurugenzi akahutubia ukuta kwa dakika ishirini, mpiga picha akapiga, kila mtu akatabasamu. Mambo yalikuwa yanakwenda kama yamepakwa mafuta, hadi yule mwalimu wa muziki, mama mfupi wa miwani, akaangua gita moja ukutani na kukaa nalo.

"Fundi," alisema, "mtoto wa miaka minane, ndiyo kwanza anaanza. Utamchagulia gita gani?"

"Dogo, mwalimu," alijibu Muhuri bila kupepesa. "Halafu litakua naye."

Mpiga picha alikohoa. Mwalimu akamtazama juu ya miwani.

"Nyuzi zikae juu kiasi gani?"

"Juu sana, mwalimu. Sisi hatufanyi vitu vya chini."

Mkurugenzi akaangalia saa. Ndipo sauti ikatoka pembeni, kwenye ufagio.

"Nyuzi zikikaa juu, mtoto atabonyeza hadi vidole viwake moto, siku ya tatu atalitupa chini ya kitanda," alisema Mama Gundi. "Zikae karibu na shingo, ila zisigonge mbao. Shingo iwe nyembamba, kiganja chake kiizunguke. Mkono wa kulia upite juu ya tumbo la gita bila bega kupanda. Ziwe za nailoni, za chuma atakuja kuzikuta ukubwani. Na ukilikaza leo, kesho ulikute pale pale ulipoliacha. Gita linalolegea kila siku linamfundisha mtoto kwamba yeye ndiye kiziwi."

Mwalimu alikuwa amegeuka na kigoda chake chote. "Na kutengenezwa hapa kunasaidia nini, mama? Au ni hii stika tu?"

"Stika haipigi muziki, mwanangu. Mbao nazo hazina uraia. Likiwa bovu ni bovu hata lingezaliwa chumbani kwangu. Ila siku daraja, kibao kinachoshika nyuzi, likibanduka, na litabanduka, watoto ni watoto, hilo la ng'ambo utalipeleka kwa nani? La hapa mtoto atakuja nalo kwa miguu, na mimi atanikuta."

"Wewe?" alisema Mkurugenzi. "Si huyu ndiye kiwanda?"

Mama Gundi akatoa kioo kidogo na tochi, akampa mwalimu. "Ingiza kioo tunduni, ukitazamishe juu. Utaona nini?"

Mwalimu akachungulia. "Kuna alama imechomwa. Kama... mwiko?"

"Mwiko. Marehemu mume wangu ndiye aliyeuchora. Alisema humu karakanani yeye anapika lakini mimi ndiye ninayekoroga. Tazama na mengine."

Walitazama yote. Thelathini, na miko thelathini. Muhuri alichungulia la mwisho mwenyewe. Tangu azaliwe hajawahi kupatwa na jambo baya namna ile: alikuwa amesema kweli. Siku tatu nzima, mbele ya serikali, bila kujua na bila kukusudia, alikuwa amesema kweli tupu.

"Na karatasi ipo," alisema Mama Gundi, akiitoa kifuani.

Mkurugenzi hakusoma. Aliangalia duara, akaangalia na duara la pili, uso ukamnawiri. "Imegongwa mara mbili! Huu ndio utaratibu." Akatia saini oda ya magita mia mbili kwa jina la karakana. Halafu akamnyooshea kidole Muhuri. "Na huyu ni nani?"

Karakana nzima ilimtazama. Muhuri angeweza kusema ameyanunua bohari kama mali ya ng'ambo. Hapo angekuwa amekiri kwamba alimdanganya Mkurugenzi. Angeweza kusema ni yake; karatasi ya mkono wake ingemsuta. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ulirudi mtupu.

"Kibarua wangu," alisema Mama Gundi kwa huruma. "Hupenda kuvaa aproni. Maneno mengi, lakini kwa kubeba mizigo hajambo."

Walipoondoka, Muhuri alipata sauti. "Mama, nirudishie mali yangu!"

"Mali yako imeandikwa wapi?"

"Na kama yako, lebo za ng'ambo zilitoka wapi?"

"Kwa mwenye bohari. Nilipoyauza kwa jina langu, nilikuwa nauza mawili kwa mwaka. Wakubwa walipita hapa, wakashika, wakasema yametengenezwa na nani, mwanamke wa hapo? Wakaenda zao. Mwenye bohari akaweka lebo za dhahabu juu, yakawa yanaisha. Hata hilo la mtoto wa Mkurugenzi, la ng'ambo, nimeligundisha mara mbili." Akaangua gita moja, akampa. "Shika. Ujira wa kubeba. Na dada yako akirudi, mwambie kibarua kipo hapa, kazi ya msasa haiishi."

Kama Mama Gundi alilipwa yale mia mbili, waulizwe wenye viti vya kuzunguka. Malipo ya awali yenyewe yalikuwa bado yanatafuta saini ya pili. Lakini ishirini na tisa alikuwa nayo mkononi, na alishawahi kuyauza mara moja.

Jumamosi dada aliingia na furushi, akavua viatu, akatazama dirishani. Mahali pa cherehani palikuwa na gita dogo limefunikwa kitambaa, shingo imechomoza.

"Nini hiki?"

Muhuri alikaa kitandani akamweleza yote, tangazo, birika, miko, bila kupunguza wala kuongeza. Dada alisikiliza hadi mwisho.

"Umechoka siku hizi," alisema. "Zamani ulikuwa unadanganya vizuri."

"Kweli, dada! Chukua kioo utazame mwenyewe!"

Dada alitoa kioo cha mkobani, akachungulia tunduni. Akagusa uzi mmoja. Ulikuwa umekaa pale pale ulipoachwa.

"Basi hili lina bahati," alisema, akivaa tena viatu vyake na kumshika mdogo wake kola ya shati. "Likiharibika, lina fundi wa kurudishiwa. Wewe fundi wako, mama, amekwisha kufa. Twende nikamwone huyo wa gundi, labda na wewe atakupokea."