Nusu Kichwa cha Daktari

Jumatatu, 3 Machi

Bega la kulia limenigomea rasmi. Nilikuwa katikati ya utosi wa Mama wa Duka la Viatu, njia zimenyooka vizuri, mkono ukashuka wenyewe. Nikaupandisha. Ukashuka tena. Mama akauliza kama nimesinzia. Nikamwambia natafakari mtindo.

Wifi akainuka, akanitoa chanuo mkononi na kumaliza kichwa. Dada wa mume wangu huyo, niliyemfundisha kusuka mimi mwenyewe. Eti pole wifi yangu, pumzika. Najua anachokitaka. Saluni yetu ni chumba kimoja, na kiti kirefu cha dirishani ni changu mwaka wa kumi na tisa sasa. Mteja akikaa pale barabara nzima inamwona. Nisipoweza kuinua mkono nitaishia kufagia nywele za wateja wa Wifi. Humu naandika ukweli: naogopa.

Lakini Mama kaniachia habari. Hospitali kubwa wanafanya utafiti wa mabega. Wanachukua seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, wanazitoa kwenye uboho wa mfupa wa nyonga na kuzidunga begani, zitengeneze kano iliyochanika. Nimewaza mchana kutwa. Seli ya nyonga imezoea kukaliwa. Itakubalije kufanya kazi?

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda hospitali. Nesi wa mapokezi akasema utafiti upo, lakini mtu haingii tu kama anaingia sokoni. Kwanza mazoezi ya bega miezi mitatu. Yakishindikana, kipimo cha kuangalia kama kano imechanika. Ndipo jina liandikwe. Akanipa karatasi yenye picha za mtu anayepandisha vidole ukutani, taratibu, kama mjusi mwenye mawazo.

Miezi mitatu ya kutambaa ukutani! Karatasi nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa meza ya jikoni, ile inayoyumba. Sasa haiyumbi. Kwa hiyo hospitali imenisaidia.

Nilipokuwa natoka, nikamwona mwenyewe, Daktari wa utafiti, anapita koridoni na mafaili. Mwanamke, makamo yangu. Sikumwangalia uso. Niliangalia kichwa. Nywele zimefumuka, hazijaguswa wiki tano au sita. Nikarudi kwa Nesi, nikamchombeza kidogo, akaniambia mdogo wake Daktari anaolewa Jumapili na bado hajapata msusi.

Nilitabasamu njia nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari kakubali nimsuke. Jumamosi saa nne asubuhi, kwangu. Wifi kauliza nitamsukaje na bega hili. Nikamjibu aangalie mambo yake.

Leo nimefanya uchunguzi. Huwezi kwenda kuzungumza na Daktari ukiwa mtupu kichwani. Nimemwomba muuza nyama mfupa wa nyonga ya ng'ombe, aupasue. Akauliza kama ni wa mchuzi. Nikasema ni wa kuangalia. Akanipa, lakini alinisindikiza kwa macho mpaka kona.

Nimeuweka juani mezani. Ndani mna kitu chekundu, laini, chenye mafuta. Nikakichokoa kwa sindano ya kusukia. Nikachukua miwani ya baba watoto. Nikangoja nione kama kuna kinachoamua kuwa chochote. Hakuna kilichoamua. Nikakipaka kidogo begani, kwa nje tu, kujaribu. Paka wa jirani akanifuata hadi saluni na akakataa kuondoka.

Baba watoto kauliza miwani yake inanukia nini. Mtu wa kutengeneza redio, haongei siku tatu, lakini leo kaona aongee.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike haraka kabla sijajionea huruma.

Mpango ulikuwa huu. Mtu aliyesukwa nusu kichwa hana pa kwenda. Hawezi kutoka barabarani, hawezi kukasirika sana, na harusi ni kesho. Daktari akaja, nikamkalisha kiti kirefu cha dirishani. Nikasuka upande wa kulia, meno nimeyauma kwa maumivu, mpaka katikati ya utosi. Hapo nikaweka chanuo chini. Nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake.

Nikaanza na lililonisumbua. Nikauliza seli inajuaje kwamba sasa iko begani. Nilitegemea atanijibu kwa mkato kama wanavyojibu hospitalini. Wapi! Macho yalimng'aa. Akasema ndilo swali lenyewe. Seli hupokea ishara za kemikali kutoka kwa majirani zake, na pengine kazi yake kubwa si kugeuka kuwa kano, ila kuwahimiza majirani wajitengeneze. Pengine, kasema. Kwa mabega bado hawana uhakika. Wako waliopata nafuu, na wako waliodungwa wasione tofauti yoyote na wale wa mazoezi tu. Ndiyo maana ya utafiti: wengine wanadungwa seli, wengine wanadungwa maji ya chumvi, na mgonjwa hajui kapewa nini. Akasema wapo wanaouza tiba hii mitaani kama imeshathibitishwa, nisiwape bega langu.

Nilisahau kwamba ni mateka wangu. Tulizungumza nusu saa. Kisha nikakumbuka, nikamwambia aandike jina langu.

Akasema haandiki yeye, wanaofaa huchaguliwa na kompyuta. Nikasema mazoezi nimemaliza, miezi mitatu. Akasema vizuri sana, nimwonyeshe.

Karatasi iko chini ya mguu wa meza! Ikabidi nibuni. Nikazungusha mkono kama naanika mashuka. Akaniangalia tu. Nikaongeza kasi nionekane mzoefu. Bega likalia ka, mkono ukaning'inia, na machozi yakanitoka mbele ya mtu mwenye nusu kichwa.

Daktari akainuka akanibonyeza bega kwa vidole, huku na huku. Mpole kweli. Akasema anadhani haijachanika, ila niende Jumatatu nipimwe.  Wifi alichukua chanuo akasuka upande wa kushoto hadi mwisho. Daktari alipojitazama kwenye kioo, mkono wake ulikwenda kushoto. Nimeona. Ulikwenda kushoto.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi kafunga saluni anisindikize. Sikumwomba.

Kipimo kimeonyesha kano zimevimba na kuchoka. Hazijachanika. Nikamwomba mpimaji aangalie tena, hata mchaniko mdogo wa kuanzia. Hakuna. Kwa hiyo utafiti siuingii, hata nikisuka hospitali nzima.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniuliza wateja wangu wanakaa wapi. Nikamweleza kiti kirefu. Akanionyesha jinsi viwiko vyangu vinavyopanda juu ya mabega, kutwa, miaka kumi na tisa. Akasema mteja akae chini zaidi, na nifanye mazoezi kila siku. Wifi alikuwa anatikisa kichwa kama ndiye mgonjwa.

Alasiri nikakuta amebeba kiti kirefu peke yake mpaka upande wake. Dirishani kaniwekea kigoda cha mteja. Kasema yeye mrefu, kile kirefu kinamfaa. Nimeibiwa mchana kweupe, na mwizi ananiuliza kama nitakunywa chai.

Jumatano, 12 Machi

Sasa Wifi anakuja asubuhi kabla hatujafungua. Ananisimamisha ukutani, ananihesabia kwa sauti. Kachora alama kwa penseli mahali vidole vyangu vinapofika. Jana nilichuchumia kidogo ili alama ipande. Leo kakanyaga vidole vyangu vya mguu wakati wote wa zoezi.

Nimeuliza anafaidika nini. Akasema hakuna, ila akisuka peke yake saluni inakuwa kimya.  Anatafuta kitu huyu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimesuka kichwa kizima! Mistari midogo, kutoka paji la uso hadi kisogo, bila kupumzika. Mkono haukushuka. Nikajifanya natafuta taulo kabatini, nikalia humo.

Baba watoto kasema ni mazoezi na kigoda. Wifi kasema ni mazoezi na kigoda. Mimi si mtoto. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu.

Daktari mwenyewe alisema mgonjwa hajui kama amepewa seli. Mimi sijui. Kwa hiyo nimepewa. Siku ile aliponibonyeza, kidole kimoja kilichoma kuliko vingine.

Kilichonitatiza ni chanzo. Nimejikagua nyonga kwa vioo viwili, hakuna hata alama ya sindano. Basi seli si zangu. Za nani? Nimekusanya ushahidi. Siku hizi naamka mapema. Nafagia bila kuambiwa. Juzi niliosha machanuo yote huku naimba, na mimi siimbi. Hizi ni seli za mtu mchapakazi. Tena za mtu wa karibu.

Saa kumi Wifi akaketi, akakunja uso na kushika nyonga ya kulia. Nikamuuliza kulikoni. Eti ni kile kiti, tangu siku aliyokibeba. Kiti! Karibu wiki tatu, kiti!

Yote yakanyooka. Amejitolea kwa siri, na kila asubuhi anakuja kukagua mali yake inaendeleaje. Nilimtazama mpaka akauliza ana nini usoni. Nilitamani kumkumbatia. Nikamletea mto wa kukalia, nikamkanda nyonga kwa mkono ule ule wa kulia, seli zisalimiane. Sikumwambia ninachokijua, asije akajisifu.

Tangu jana goti langu la kushoto linauma. Bahati nzuri Wifi ana nyonga mbili.