Ombi la Kuthibitishiwa kwa Maandishi Kwamba Filamu Yako Haina Maana

Ndugu Mwongozaji wa Filamu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na usiye na haraka, kwa sababu ni ndefu. Mimi ni yule fundi viatu ambaye mwaka jana ulifika dukani kwake na vijana watano na kamera moja, ukaomba ruhusa ya kupiga picha mchana mmoja. Ulisema niendelee na kazi kana kwamba hampo. Nikaendelea. Sasa filamu imetoka, watu wazima wenye akili zao wanaitazama mara tatu tatu, na mimi maji yamenifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu. Naambiwa kamera yako ilitulia muda mrefu kwenye rafu yangu, na kwamba juu ya rafu hiyo kuna viatu thelathini na kimoja, vyote vya mguu mmoja mmoja. Wapenzi wa filamu yako wamevihesabu. Wapo wanaosema ni roho zilizotenganishwa. Wapo wanaosema ni wananchi walioachwa nusu njia. Kiongozi wao, ambaye mtaani tunamwita Bwana Maana kwa kuwa hawezi kuona ndoo bila kuuliza inawakilisha nini, amegundua kwamba vya kulia ni vingi kuliko vya kushoto, na ameandika kurasa kumi na mbili juu ya jambo hilo.

Ndugu Mwongozaji, viatu ni vya mguu mmoja kwa sababu wateja wangu hawaniamini. Kikipasuka kimoja, mtu analeta hicho kimoja. Cha pili anabaki nacho nyumbani, fundi asije akavivaa harusini. Ndivyo tunavyofanya kazi hapa tangu nianze. Nimemweleza Bwana Maana hivyo hivyo, akanipigapiga begani akasema, "Mzee wangu, msanii huwa hajui alichobeba." Mimi si msanii, na nilichobeba ilikuwa gundi.

Tangu hapo wamepiga kambi mlangoni na wananizuia kurudisha hata viatu vya sasa kwa wenyewe. Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua chake cha kushoto, wakamsihi kwa machozi asivuruge mpangilio. Sasa ni wiki mbili anafundisha akiwa na kiatu mguu huu na kandambili mguu ule, na wapo wanaomfuata hadi shuleni kuona anaelekea wapi.

2. Misumari. Fundi viatu hubana misumari midogo kwa midomo ili mikono ibaki huru. Lakini naambiwa umenionyesha muda mrefu nikiwa nimefumba mdomo juu ya misumari, na kwa hiyo mimi ni Mtu Aliyenyamazishwa. Wanakuja kunikodolea macho nikiwa kimya. Wiki iliyopita niliitema nimsalimie mama mmoja aliyeleta kiatu cha mwanawe, binti mwenye daftari akaweka kidole mdomoni: "Shii! Baba, usiongee, utaharibu." Dukani kwangu mwenyewe! Kwa heshima ya wageni nimenyamaza siku nne mfululizo. Mteja aliyetaka visigino vifupi amepata virefu.

3. Kikombe. Hapa naomba uketi.

Naambiwa ipo sehemu ambapo mke wangu anatoka chumba cha nyuma, tunakoishi, akiwa na vikombe viwili vya chai. Anasimama nyuma yangu. Kisha anaweka kimoja kwenye benchi langu, anageuka, anarudi ndani na kile kingine. Basi. Kwa akili ya kawaida huyo ni mwanamke aliyemletea mumewe chai. Wao wameipa jina: Nadharia ya Kikombe cha Pili. Inasema yule mwanamke alikuja kuketi, akangoja aangaliwe, hakuangaliwa, na pale alipogeuka ndipo ndoa ilipokwisha. Wanadai hiyo ndiyo filamu yenyewe, viatu ni mapambo tu. Bwana Maana peke yake ndiye anayepinga, maana ameshaandika kurasa zake kumi na mbili na hawezi kurudi nyuma.

Ningecheka, ila Jumamosi moja mke wangu alikwenda kuitazama pamoja na jirani yetu mshonaji. Alirudi nyumbani. Alisimama mlangoni, kisha akaniuliza, "Unakumbuka siku ile nilisimama muda gani?" Nilikuwa na misumari mdomoni, nikamwashiria kwa mkono asubiri. Nilipomaliza soli, hayupo. Kesho yake alikwenda kwa mdogo wake, upande wa pili wa mji, na sanduku kubwa. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Mimi nasema amekwenda kupumzika. Kila mtu ana haki ya kupumzika. Sanduku kubwa alilichukua kwa sababu lile dogo zipu yake ni mbovu, na ni mbovu kweli, mimi mwenyewe nilimwahidi kuishona mwaka juzi.

4. Familia. Binti yangu anayesoma chuo, niliyedhani atanitetea, amesimama mbele ya darasa akasoma kazi yake yenye kichwa "Mgongo wa Baba", na amepata alama za juu kuliko wote. Nilipompigia simu shemeji, yaani huyo mdogo wa mke wangu, nimweleze kwamba watu wa filamu wanatia chumvi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, mimi sikuhitaji sinema kulijua hilo," akakata.

5. Sehemu ya pili. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu mke wangu aondoke, wapenzi wa filamu yako wanaamini kuondoka kwake ni sehemu ya pili, na kwamba umeficha kamera mahali. Wanakuja na viti vyao, wanakaa kukitazama kitambaa cha mlango wa chumba cha nyuma. Upepo ukikitikisa, wanaandika. Nikijipikia chai, mtu anaguna kwa huruma. Juzi wamepiga kura kwa kunyoosha mikono, kama atarudi au hatarudi. Nami nilinyoosha wangu upande wa atarudi. Wakaniambia wahusika hawapigi kura, na bila mkono wangu upande huo ulikuwa na mtu mmoja, fundi baiskeli wa jirani, ambaye hakuwa amesikiliza swali.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Uandike tamko lenye sahihi na mhuri kwamba filamu yako haina maana yoyote, haijawahi kuwa nayo, na haitarajiwi kuipata.

(b) Nakala ya tamko hilo uipeleke mwenyewe kwa shemeji, uisome kwa sauti kubwa, ili hata aliye jikoni asikie.

(c) Ikishindikana, uje upige upya ile sehemu. Safari hii nitainua kichwa. Nafanya mazoezi kila asubuhi: nainua, natabasamu, napokea kikombe, nasema asante mama watoto. Shingo inauma kidogo lakini naendelea vizuri. Kilichobaki ni kumpata mke wangu.

Nisikufiche, nyumba imepoa. Nimegundua sijui hata sukari inakaa wapi.

Nisalimie mpiga picha, yule kijana wa kipaza sauti chenye manyoya, na yule dada aliyekuwa akipiga kelele "kimya!" kuliko kelele zote za mtaa. Wasalimie pia wazazi wako, waliokulea vizuri hata ukabisha hodi kabla ya kuingia.

Ni mimi, ninayeomba kwa uvumilivu unaokaribia mwisho,

Fundi Viatu,
Duka la kona, mkabala na duka la dawa.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha nikawaza kwamba mlalamikaji makini lazima awe ameona anachokilalamikia. Ndugu Mwongozaji, nilikuwa sijaitazama. Yote hayo hapo juu ni ya kuambiwa. Mchana huu nimekwenda kwenye ule ukumbi mdogo, nikakaa safu ya mwisho.

Nilidhani alisimama kidogo tu. Amesimama dakika nne. Chai ilikuwa inatoa mvuke alipoingia, na alipoiweka ilikuwa haitoi tena. Alikuwa amevaa gauni lake la kijani, lile zuri, na amesuka nywele. Mimi nikiwa kazini huona miguu yake tu. Mara mbili alifungua mdomo kutaka kusema. Mara ya pili nilinyoosha mkono bila kugeuka, nikamwonyesha pa kuweka kikombe, kama mtu anayemwelekeza mpakuzi wa mizigo. Bwana mmoja mbele yangu akasema, "Lakini huyu mzee naye!" Nikaitikia "Kweli kabisa" kabla sijakumbuka mzee mwenyewe ni nani.

Tafadhali futa ombi (a), (b) na (c). Tamko usiandike, na ile sehemu usiiguse. Samahani kwa bahasha iliyochanika, nimelazimika kuifungua tena. Naenda kwa shemeji sasa hivi, kabla sijapata sababu nyingine.