Alama Moja kwa Nesi Jacqueline

Jumanne, 7 Oktoba 2025

Nimetoka kliniki ya wagonjwa wa nje, Lewisham, hapa London. Kidonda cha mguu kimepungua tena! Nesi Jacqueline kakipima kwa rula yake ya karatasi, kafurahi kama kapata mjukuu. Mkongo wa Bukavu huyu. Hupasha viganja moto kabla ya kunigusa. Bandeji haivuti, huibembeleza. Miezi minane sasa ananiita Papa. Kwao ni baba, kwetu Pemba ni samaki mwenye meno, lakini nimeshazoea. Wanangu wa kuzaa hunipigia simu Idi kwa Idi. Mungu ambariki.

Leo tumegaiwa fomu. Tuwape manesi alama, moja hadi tano. Gurmit, Singasinga wa Nakuru, jirani yangu wa benchi na adui yangu, kampa tano kila mahali. Tena kajisifu kwa sauti. Mjinga! Kwetu mpishi hodari hasifiwi mbele ya wageni. Ukimsifu, wiki ijayo yumo jikoni mwao. Tano zikizidi, Jacqueline atapandishwa cheo, apewe ofisi na kiti cha kuzunguka. Mguu wangu ataufunga nani?

Nimempa moja. Kila mahali. Hunawa mikono? Hapana. Mwongo mkubwa mimi! Hunawa mpaka naionea huruma ngozi yake. Chini nikaongeza: Hafai kwengine, mwacheni hapa hapa. Nikatia sahihi yangu nzuri, niliyojifunza skuli kabla sijatoroka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Msiba! Jacqueline hayupo. Sista Minal, mkuu wa kliniki, katutangazia kuwa mgonjwa mmoja kalalamika nesi hanawi mikono. Kaondolewa chumba cha vidonda hadi achunguzwe. Akionekana na kosa, harudi.

Nikapiga kelele kuliko wote. Nikauliza ni hayawani gani aliyeandika. Gurmit kasema Mpemba akipiga kelele sana, basi kuna kitu kakikalia.

Nesi mgeni kaivuta bandeji kama anafungua kifurushi. Nimeona nyota saa tano ya asubuhi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwuliza mjukuu wangu Najla, kwa kuzungukazunguka, kwamba mtu akimsingizia nesi, nesi hufanywa nini. Kanijibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, kuwa anaweza kunyang'anywa leseni. Halafu kainua kichwa, kaniuliza babu umefanya nini. Hilo kalisema kwa Kiswahili safi!

Sikula. Jacqueline ana watoto watatu Edmonton. Huvuka London nzima kuja kufunga mguu wa mzee mwongo.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimevaa kofia ya Ijumaa, nikaenda kukiri kwa Sista Minal. Kaitoa fomu kwenye droo. Kasema alijua tangu mwanzo. Fomu haitaki jina, na kliniki nzima ni mimi peke yangu niliyetia sahihi. Lakini lalamiko ni lalamiko, hata la kipuuzi, lazima lichunguzwe.

Nikaomba karatasi. Nikaandika ukweli, kurasa tatu. Rula. Viganja. Ile siku sikufika, akapiga simu mara nne kuhakikisha sijafa. Minal kasoma, kavua miwani, kaifuta. Sikutazama. Na mimi nilikuwa na vumbi machoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Karudi! Wamemchunguza siku nzima, hakuna kosa hata moja. Kaniuliza mbele ya benchi zima, Papa, kama hivi ndivyo unavyonipenda, siku ukinichukia si utanichoma moto? Gurmit kacheka mpaka kilemba kikaenda upande. Nimestahili. Nikamwomba radhi, akanipiga kikofi cha begani, akaenda kunawa mikono. Kanawa kwa muda mrefu makusudi, huku ananitazama. Alhamdulillah kwa mwanamke huyu.

Nimetubu. Simsingizii mtu tena.

Jambo moja tu. Wiki ijayo wanakuja wakaguzi kusikiliza wagonjwa, na Minal kanichagua mimi niwe msemaji, kwa ajili ya zile kurasa tatu. Nitamsifu Jacqueline mpaka wachoke kuandika. Mwisho kabisa nitadokeza kwamba husinzia mikutanoni. Kusinzia hakumfukuzi mtu kazi. Kunamzuia tu kupanda cheo.