Chungu Chenye Tai Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika. Mkurugenzi ametangaza kwamba makumbusho yetu yanaingia kwenye akili mnemba. Tutapiga picha vitu vyote vya kale, tuilishe mashine, kisha mgeni akielekeza simu kwenye kitu, mashine imwambie ni nini. Atakayefanya vizuri atakuwa mkuu wa kitengo cha kidijitali. Chumba chake, jina lake mlangoni! Mimi nimepewa ukumbi wa vyungu. Vinyago kapewa mhifadhi wetu, Bi Glovu, ambaye nadhani hata chai anainywa na glovu. Maskini.

Nimemwambia mke wangu cheo ni changu. Kamwambia mama yake. Mama mkwe kawaambia waliobaki.

Jumatano, 5 Machi

Bi Glovu anatoa vinyago kabatini kimoja kimoja, anavilaza juu ya kitambaa cheusi, ndipo apige picha. Atazeekea hapo. Mimi vyungu navipiga picha vikiwa ndani, kioo kimefungwa. Funguo za nini? Kila siku navaa suti na tai nyekundu, maana bosi huanza kuonekana mapema.

Bi Glovu kanishauri nivitoe vyungu, eti kioo kinarudisha sura. Nimemjibu kuwa wivu hautamfikisha popote.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemaliza. Mwenzangu hajafika hata nusu. Mkurugenzi kauliza kama nimezikagua picha kabla ya kuilisha mashine. Nikasema kazi yangu haihitaji kukaguliwa. Kanitazama kwa muda mrefu. Heshima hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Uzinduzi. Mama mkwe kakaa mstari wa mbele na shoga zake. Chungu kikubwa kimetolewa kabatini, kimewekwa mezani. Mkurugenzi akakielekezea simu. Mashine ikasema haikitambui.

Nikasogea kumsaidia, nikapita mbele ya kamera. Hapo hapo mashine ikapaza sauti: chungu cha kuhifadhia nafaka, kimepasuka mdomo, ndani kitupu.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama mkwe aliomba mashine irudie.

Baadaye Bi Glovu kanionyesha zile picha. Kila kioo, mimi nimo, na tai yangu. Vyungu vinabadilika, mimi nipo palepale. Mashine imejifunza kwamba chungu ni mimi.

Jumatano, 12 Machi

Cheo kapewa Bi Glovu. Jina lake limeshabandikwa mlangoni. Imeniuma, nisijidanganye. Nilipita pale mara mbili bila shughuli yoyote.

Kaniita, akaniambia kwa upole kwamba nirudie ukumbi mzima, na safari hii nivitoe vyungu kabatini. Nikaitika. Mke wangu kaniambia nimshukuru Mungu sijafukuzwa.

Lakini nimekaa nikafikiri. Ukumbi ulijaa watu wenye vyeo vyao, na mashine ya kisasa ikamtambua nani? Si Mkurugenzi. Si Bi Glovu. Mimi! Wenzangu wanatunza urithi wa taifa, mimi nimeingizwa humo humo.

Alhamisi, 13 Machi

Nimenyoa. Nimevaa tai mpya, ya bluu. Vyungu nimeviacha kabatini, kuvitoa ni kupoteza muda tu.

Asubuhi yote nimesugua vioo mpaka vikang'aa. Mara ya kwanza sikutoka vizuri pichani.